Miaka Hamsini ya Sauti Tupu: Rekodi za Tallis Scholars Zikisikilizwa Malindi

Kwaya ya Tallis Scholars ya Uingereza ilitimiza miaka 50 mwaka 2023, na karibu muda huo wote imeshughulika na jambo moja: kuimba muziki wa kanisa uliotungwa Ulaya katika karne ya 15, ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, bila kinanda, bila ngoma na bila chombo chochote cha kuziongoza sauti. Rekodi zake ndizo ninazozitathmini hapa. Ninaandika nikiwa mwalimu wa kwaya mjini Malindi, na ninawaandikia kwanza walimu wenzangu wa Pwani, kisha yeyote apendaye kusikiliza kwa makini, kwa kuwa rekodi hizi sasa humfikia mtu yeyote mwenye simu na bando, tofauti na zamani ambapo kaseti ya muziki wa namna hii ilitufikia kwa hisani tu ya padri aliyerudi kutoka likizo. Hoja yangu ni kwamba kwaya hii imeishi kwa uamuzi mmoja ulioshikiliwa kwa ukaidi, na kwamba utamu wa rekodi zake na upungufu wake vyote viwili vinachimbuka katika uamuzi huo.

Mwanzilishi na kiongozi wake ni Peter Phillips, aliyezaliwa mwaka 1953. Alifika Oxford mwaka 1972 akiwa na ufadhili wa mpiga kinanda katika chuo cha St John's, na tarehe 3 Novemba 1973 aliwakusanya waimbaji kutoka kwaya za vyuo wakafanya onyesho lao la kwanza katika kanisa la St Mary Magdalen mjini humo. Jina walilichukua kwa Thomas Tallis, mtunzi Mwingereza aliyefariki mwaka 1585 baada ya kuwatumikia watawala wanne, Henry VIII, Edward VI, Mary na Elizabeth I, huku dini rasmi ya nchi ikigeuzwa na kugeuzwa tena, naye akitunga kwa Kilatini au kwa Kiingereza kulingana na upepo unakovuma. Mtu aliyeweza kuvuka tawala hizo zote kichwa kikiwa bado shingoni anastahili kwaya ya jina lake, hata kama asingekuwa fundi wa muziki.

Phillips hakuanza patupu. Oxford palikuwa na kundi la Clerkes of Oxenford chini ya David Wulstan, aliyewafundisha wanawake kuimba soprano kwa sauti nyembamba iliyonyooka, mfano wa sauti za wavulana, na aliyeamini kwamba muziki wa kanisa wa Uingereza wa karne ya 16 uliimbwa juu zaidi ya nota zilivyoandikwa. Kutokana na imani hiyo soprano wake walipandishwa hadi mahali ambapo waimbaji wengi wangeomba ruhusa ya kutoka nje. Phillips aliipenda sauti ile akaifanya msingi wake. Wengine wa rika lake walichukua njia nyingine: Hilliard Ensemble, lililoanzishwa mwaka 1974 na kustaafu mwaka 2014, lilikuwa la wanaume wachache, mara nyingi mmoja kwa kila sauti, na The Sixteen la Harry Christophers, la mwaka 1979, lilipenda uimbaji wenye joto na mabadiliko makubwa ya nguvu ya sauti. Anayetaka kuuelewa uamuzi wa Tallis Scholars hana budi kuwasikiliza hawa pia walau mara moja, maana sifa ya chumvi hujulikana kwa chakula kisicho nayo.

Uamuzi wenyewe ni huu. Waimbaji ni kama 10 hivi, wanawake na wanaume, na kwa kawaida kila sauti huimbwa na watu wawili. Makanisa ya Ulaya ya enzi hizo hayakuwaweka wanawake katika kwaya. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana au na wanaume wenye kipaji cha kuimba juu. Phillips hakujifanya anarudisha hali hiyo. Alichotaka ni kila nota isikike, kila njia ya sauti iwe wazi hadi mwisho, na hakuna sauti itakayotetemeshwa kiasi cha kuchafua mpatano. Watu wawili kwa kila sauti wana faida ambayo mmoja hana na watano hawaihitaji: mmoja anapovuta pumzi mwenzake anaendelea kuimba, kama wavuvi wawili wanaopokezana kasia bila chombo kusimama, na msikilizaji hupata mstari mrefu usio na kidonda cha pumzi. Lakini kuna gharama. Wawili wakitofautiana hata kidogo katika kimo cha nota, kila mtu atasikia, kwa kuwa hakuna umati wa kufichia kosa. Ndiyo maana mazoezi ya kwaya ya namna hii ni mazoezi ya kusikilizana zaidi kuliko ya kuimba.

Kwaya zetu nyingi zina watu 30 au 40, kinanda cha umeme kimewashwa hadi mwisho, na soprano zimebeba wimbo wote huku besi zikiguguma tu. Silitaji hilo kwa dharau, maana kwaya ya parokia ina kazi ya kuwaongoza waumini kuimba, na kazi hiyo inataka nguvu. Hata hivyo mwalimu anayetaka kujua tena zake, yaani sauti ya juu ya wanaume, zinaimba nini hasa chini ya kelele hiyo atanufaika kwa kusikiliza rekodi ambazo tena hawana pa kujificha. Isitoshe, Pwani haikosi masikio yaliyozoea sauti tupu. Mtu aliyelelewa akisikia adhana, dua za usiku na kasida zisizopigiwa matari hahitaji kuelezwa kwamba sauti ya mwanadamu peke yake inatosha kujaza nafasi.

Jambo la pili lililoitofautisha kwaya hii ni kuwa na kampuni yake ya kurekodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Phillips na mwenzake Steve Smith walianzisha Gimell, kwa ajili ya kutoa rekodi za Tallis Scholars. Hatua hiyo ilionekana kama kujitafutia hasara, lakini iliwapa uhuru wa kurekodi misa (muziki wa sala kuu za ibada ya Misa, kama Utukufu, Nasadiki na Mwanakondoo) za watunzi wasiojulikana na mnunuzi wa kawaida, na kuzirekodi mahali walipopapenda: kanisa dogo la chuo cha Merton pale Oxford, na baadaye kanisa kubwa la mawe katika kijiji cha Salle, Norfolk, ambalo mwangwi wake ni mrefu lakini hauvurugi nota. Mwaka 1987 rekodi yao ya misa mbili za mtunzi Josquin des Prez, Pange lingua na La sol fa re mi, ilitangazwa na jarida la Gramophone kuwa Rekodi ya Mwaka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa muziki wa kale kupewa heshima hiyo juu ya simfonia na opera zote za mwaka. Tangu hapo milango ilifunguka. Mwaka 1994 waliimba katika Kanisa la Sistine mjini Vatikano wakati wa kukamilika kwa ukarabati wa picha za Michelangelo, na idadi ya maonyesho yao ulimwenguni imepita 2,000.

Wengi huwafahamu kwa rekodi moja tu, nayo ni Miserere ya mtunzi Gregorio Allegri waliyoirekodi Merton mwaka 1980. Maneno yake ni Zaburi ya 51, ile ya kuomba rehema, ambayo Mkatoliki yeyote ameisikia Jumatano ya Majivu. Muziki umegawanywa kati ya kundi la sauti tano, kundi la sauti nne lililosimama mbali, na mistari ya zaburi inayoimbwa kwa sauti moja katikati yao. Na kila kundi la mbali linaporudi, soprano mmoja anapaa hadi do ya juu kabisa na kuiachia ielee. Ni rekodi nzuri mno kwa namna ilivyopangwa: umbali kati ya makundi unasikika kweli, hauko kwenye mitambo. Hata hivyo nina shaka nayo kama mlango wa kuingilia. Nota ile maarufu haikuwa ya Allegri. Iliingia kutokana na makosa ya wahariri wa karne ya 19 walioziunganisha nakala zisizolingana, na leo mtu akiitoa wasikilizaji watadai warudishiwe fedha zao. Muziki uliobaki ni mafungu yaleyale yanayorudiwa. Ukishaisikia mara kadhaa utajua kwamba uliisubiri nota moja, na kwamba kila kilichokuwa kati ya nota hiyo na nyingine ulikivumilia tu.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni Josquin. Baada ya ushindi wa 1987 kwaya iliendelea na misa zake polepole mpaka ikazimaliza: misa 18 katika albamu tisa, ya kwanza ikiwa imerekodiwa mwaka 1986 na ya mwisho ikatolewa mwaka 2020. Albamu hiyo ya mwisho, yenye Misa ya Hercules Dux Ferrarie pamoja na misa nyingine mbili, ilichaguliwa na jarida la BBC Music kuwa Rekodi ya Mwaka 2021. Waimbaji wa mwanzo walikwisha kustaafu na wengine kuingia, lakini ukiisikiliza ya kwanza na ya mwisho moja baada ya nyingine ungedhani ni majira mawili ya mwaka mmoja. Huko ndiko kushikilia uamuzi ninakokusema.

Misa ya Hercules inastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa mwalimu yeyote wa kwaya hapa Malindi anaweza kuifungua kwa chaki na ubao. Hercules ni Ercole wa kwanza wa ukoo wa Este, mtawala wa mji wa Ferrara nchini Italia. Alipokuwa akitafuta mkuu wa waimbaji wake mwaka 1502, mtumishi wake mmoja alimwandikia kwamba afadhali amchukue mtunzi Heinrich Isaac, ambaye ni mtu wa watu na hutunga haraka, kuliko Josquin, ambaye hutunga vizuri zaidi lakini hutunga anapotaka mwenyewe, si anapoamriwa, na anadai dukati 200 ilhali Isaac angekubali 120. Ercole akamchukua Josquin. Ushauri ulikuwa wa mtunza mkoba, na uamuzi ulikuwa wa mtu aliyejua anachokinunua. Josquin alikaa Ferrara kwa mwaka mmoja tu, 1503 hadi 1504, akaondoka tauni ilipoukaribia mji. Jacob Obrecht aliyeshika nafasi yake aliuawa na tauni hiyo mwaka 1505.

Misa yenyewe, iliyochapwa Venice mwaka 1505, imejengwa juu ya nota nane zilizotolewa katika irabu za jina la bwana huyo kwa Kilatini. Hercules ina e, u, e. Dux ina u. Ferrarie ina e, a, i, e. Kila irabu ikavikwa silabi ya solfa (majina ya nota) ya wakati ule yenye irabu hiyohiyo: re, ut, re, ut, re, fa, mi, re. Ut ndiyo do yetu. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwa solfa, kama tunavyofundisha karibu sote, anaandika ubaoni r d r d r f m r, na tayari ana uti wa mgongo wa misa nzima mkononi. Waimbaji wa tena hupewa nota hizo na karibu hawapewi kingine: huziimba kwa mwendo wa polepole na wa kulingana, mara kutoka re ya chini, mara kuanzia la, mara kutoka re ya juu, huku soprano, alto na besi wakisuka nyimbo zao za haraka kuzunguka. Katika Mwanakondoo wa mwisho sauti zinaongezeka kutoka nne hadi sita, na jina la bwana linaendelea kutembea humo ndani kama kwamba halijui kuna sherehe.

Hapo ndipo uimbaji wa Tallis Scholars unapolipa gharama zake. Kwaya yenye sauti nzito au yenye kutetemesha ingeizamisha nota ya tena, na mchezo wote wa Josquin ungekuwa hesabu ya kwenye karatasi. Hapa tena wawili wanasimama katikati ya mpatano, hawapazi sauti kupita wenzao, na bado kila re ya Hercules inasikika. Nilipowasikilizisha waimbaji wetu sehemu ya Utukufu, wale wa tena waliacha kuzungumza baada ya dakika moja, jambo ambalo kwa kawaida halitokei hata padri akiwa ndani. Mmoja akaniuliza, “Mwalimu, na hawa hawachoki kuimba hivyo hivyo?” Nikamwambia awasikilize besi, aone kama wimbo ungesimama endapo wale wa tena wangechoka. Kesho yake tuliimba nota nane zile kwa “la la”, wengine wakishikilia do na so tu, na kwa mara ya kwanza wale wa tena waligundua kwamba fa yao ilikuwa ikishuka kila wiki.

Sasa upungufu. Uamuzi uleule unaoifanya Misa ya Hercules iwe wazi kama maji ya kisima unaufanya uimbaji ufanane mno kutoka mtunzi hadi mtunzi. Josquin aliyefariki mwaka 1521 na mtunzi Palestrina aliyefariki mwaka 1594 walitenganishwa na vizazi na tabia. Katika rekodi hizi mara nyingine wanakaa kama ndugu wa tumbo moja. Katika Nasadiki mbalimbali nilizozisikiliza, “akateswa, akafa, akazikwa” na “akafufuka siku ya tatu” hupishana kwa mwendo na nguvu karibu zilezile, isipokuwa mtunzi mwenyewe amelazimisha badiliko. Ninafahamu utetezi wake: kwamba hisia zimo katika nota na mwimbaji asizipake rangi ya pili. Utetezi huo ni wa heshima, ila Mkristo wa hapa aliyezoea kuona kwaya ikisimama wima na uso ukibadilika inapofika “akafufuka” atahisi amenyimwa kitu, na sidhani anakosea. Soprano nao hung'aa kupita wenzao, hasa katika muziki wa Kiingereza uliopandishwa juu kwa kufuata mafundisho ya zamani ya Oxford. Kwa spika ndogo mwangaza huo hugeuka kuwa mkali na alto hupotea kabisa.

Pia misa hizi zimerekodiwa kama tamasha. Bwana Utuhurumie, Utukufu, Nasadiki, Mtakatifu na Mwanakondoo hufuatana bila sala, bila masomo na bila wimbo wa sauti moja kati yake, ilhali mtunzi alijua kwamba kati ya Utukufu na Nasadiki waumini watakuwa wameketi, wamesikia Injili na pengine wamesinzia kwenye mahubiri. Dakika 35 za ukamilifu mfululizo ni nyingi. Ushauri wangu ni kusikiliza sehemu moja, kuizima, na kuirudia siku nyingine.

Kwa msikilizaji wa Malindi kuna sababu ya pekee ya kwenda mbele hadi kwa Wareno. Vasco da Gama alipotia nanga hapa katika siku za Pasaka za Aprili 1498, akapokewa vyema na kupewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, Josquin alikuwa hai na kalamu yake ikifanya kazi. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita hapa akielekea Goa, Bara Hindi. Nguzo ya Da Gama bado inatazama bahari, na kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti liko hatua chache kutoka ufukweni. Tunawapeleka watoto wa shule huko, wanahesabu makaburi, wanapiga picha, wanarudi. Hakuna anayewaambia kwamba watu wale walikuja na muziki wao, na kwamba muziki wa kwao ulikuwa unaelekea kilele chake.

Kilele hicho kinasikika katika rekodi ya mwaka 1990 ya Misa ya Wafu ya Manuel Cardoso. Cardoso, aliyeishi 1566 hadi 1650, alikuwa mtawa Mkarmeli katika konventi ya Carmo mjini Lisbon, na kabla ya hapo alifundishwa Évora, shule iliyowalea pia Duarte Lobo na Filipe de Magalhães. Misa yake ya Wafu kwa sauti sita ilichapwa mwaka 1625. Wakati huo Ngome ya Yesu ya Mombasa ilikuwa imekwisha kumalizika kwa takriban miaka 30, na kijana wa ukoo wa kifalme wa Malindi, Yusuf bin Hassan, alikuwa akilelewa Goa na watawa Waagustino kwa jina la Jerónimo. Mwaka 1631 kijana huyo aliichukua Ngome kwa upanga na kulirudisha jina lake. Ninapoisikiliza rekodi hii humkumbuka yeye, maana miaka yote ile katika nyumba ya watawa hakukosa kusimama chini ya sauti za namna hii, apende asipende.

Maneno ya kwanza ya misa hii kila mtu wa parokia anayajua kwa moyo, kwa kuwa ndiyo tunayoyasema kaburini: raha ya milele uwape, ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Cardoso anayaanza kwa upole, na mara, kabla sikio halijakaa vizuri, anaziweka pamoja nota ambazo kwa solfa ni do, mi na se, yaani so iliyopandishwa nusu hatua. Jaribu kuzipiga kwenye kinanda: ni mpatano usiotulia, unaouliza. Watunzi wa Roma wa kizazi kilichotangulia waliuogopa. Cardoso anauweka mlangoni mwa misa ya wafu na kuutumia tena na tena, na kila mara unafunguka kuwa faraja. Tallis Scholars hawaufanyii kelele. Hawaukazi wala kuuchelewesha. Wanauimba ukiwa umenyooka, kwa kimo sahihi, na kwa kuwa hakuna mtetemo wa kuulainisha, unachoma. Ule ubaridi niliolalamikia katika Nasadiki hapa umegeuka kuwa adabu ya msibani: anayeongoza maombolezo hapaswi kulia kuliko wafiwa. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko albamu nyingine yoyote ya kwaya hii, na bado fungu hilo la kwanza hunisimamisha kazi.

Rekodi ya Misa ya Wafu ya Lobo, ya mwaka 1992, ni ndugu yake, nzuri pia, tulivu zaidi, na kwa kwaya inayojifunza ni rahisi kufuatilia. Mengi ya wenzao hayatasikika tena, kwani tetemeko la Novemba 1, 1755 liliiangusha konventi ya Carmo na kuiteketeza maktaba ya muziki ya kifalme mjini Lisbon. Kilichotufikia kwa sehemu kubwa ni kile kilichokuwa kimechapwa na kusambazwa mapema.

Kuhusu kuzipata, mambo ni mepesi kuliko zamani ila hayajanyooka. Albamu zinauzwa kwa diski na kwa mafaili ya kupakua, na nyingi zimo katika huduma za kusikiliza mtandaoni. Huduma ya bure niliyoitumia mwanzoni iliingiza tangazo la mkopo wa simu katikati ya Mtakatifu, na kati ya sehemu moja na nyingine ikaacha ukimya wa kukatwa ghafla, mwangwi wa kanisa ukiwa bado haujaisha. Kwa muziki unaotegemea mwangwi, huko ni kuuharibu. Ni heri kupakua. Mafaili ya ubora wa studio ni mazito sana kwa bando la kawaida, na kwa spika tulizonazo sijasikia tofauti inayolingana na gharama, kwa hiyo ubora wa kawaida unatosha. Vijitabu vinavyoandamana na albamu vina maneno ya Kilatini na tafsiri zake kwa Kiingereza. Mwalimu ashike Misale ya Kiswahili mkononi, atafuata bila shida. Asisikilize kwa spika ya simu hata siku moja: besi hazitakuwapo, na bila besi Josquin ni nyumba isiyo na sakafu. Saa nzuri ni baada ya saa tatu usiku, tuktuk zikipungua barabarani.

Kuna rekodi moja ninayoiweka mwisho, si kwa ubovu wake bali kwa mahitaji yake, nayo ni Spem in alium ya Tallis mwenyewe, waliyoitoa mwaka 1985. Ni sauti 40 tofauti, kwaya nane za watu watano watano, zinazoingia moja baada ya nyingine, zikizunguka kutoka kundi hadi kundi, mpaka zote 40 zinapopaza pamoja. Uzuri wake ni kuzungukwa, na masikio mawili ya kuazima kutoka kwenye simu hayazungukwi na chochote. Nimeisikiliza kwa spika ya ukumbi wetu, ambayo hutumika pia kwenye harusi na mikutano ya hadhara, na nilichopata ni wingu zuri lisilo na umbo. Nilipoisikiliza kwa visikizio vizuri vya kuazima nikaanza kutambua kwaya ya kushoto inapomjibu aliye kulia. Mwenye visikizio vya namna hiyo aichukue leo. Asiyekuwa navyo atafute kwanza Cardoso, ambaye sauti zake sita zinapita salama hata kwenye vifaa vya kawaida.